Somo: Kubuni maada mpya kwa kusoma miili ya viumbe

Wapendwa, wengi mmeniuliza mtu aanzie wapi akitaka kuunda maada mpya kwa kujifunza kwa viumbe. Leo tunakwenda hatua kwa hatua, na kiumbe wetu ni chaza. Shikeni neno moja kabla hatujaanza: tusiige umbo, tuige sababu ya umbo. Anayechonga kitu kinachofanana na kombe, yaani gamba la chaza, amepata pambo. Anayejua kwa nini kombe halivunjiki ovyo, huyo ana cha kuundia.

Hatua ya 1: Anza na tatizo lako, si na kiumbe

Liandike kwa sentensi moja. Letu la leo: "Nataka kigae kigumu ambacho hakipasuki vipande viwili kwa pigo moja." Najua mtu atanikumbusha George de Mestral, mhandisi wa Uswisi, ambaye mwaka 1941 aliona vishada vya mbegu vimeng'ang'ania manyoya ya mbwa wake, akavitazama kwa hadubini na kuona kulabu ndogo, huko ndiko ilikotoka Velcro, ule utepe wa kubandika na kubandua. Ni kweli, yeye alianza na mmea. Lakini ilimchukua miaka mingi kupata uzi wa nailoni unaofaa, na wengi wetu hatuna subira hiyo.

Hatua ya 2: Tafuta nani mwingine ana shida hiyohiyo

Chaza analo tatizo letu. Adui anamgonga na kumbana, naye hana chuma wala kauri ya kiwandani. Ule utando wa ndani ya kombe lake, unaong'aa kama lulu, ni kalisi kaboneti kwa takriban asilimia 95 ya uzito wake, madini ya jamii moja na chaki. Chaki unaivunja kwa vidole viwili. Utando huu unaelezwa kuhitaji nishati hadi mara 3,000 kuuvunja kuliko fuwele tupu la madini yake. Kwa hiyo siri haiko kwenye madini. Iko kwenye mpangilio.

Hatua ya 3: Sogea karibu, kisha sogea tena

Hapa msiharakishe. Kwa jicho unaona mng'aro tu. Kwa hadubini ya elektroni unaona vigae bapa vilivyopangwa kama matofali ya ukuta, kila kimoja unene wa nusu mikromita hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), upana mikromita 5 hadi 10. Kati ya vigae kuna utando mwembamba wa protini na sukari ndefu, unene wa makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita). Ufa unapoingia, hauwezi kunyooka. Unafika kwenye utando laini, unageuka, unazunguka kigae, unageuka tena. Vigae vinateleza kidogo, protini inavutika kama uzi wa gundi, na kila mtelezo unakula nishati ya pigo.

Asiye na hadubini kubwa afanye hivi: akate mwanzi kwa msumeno wenye meno madogo, asugue uso wa mkato kwa msasa laini, aulowanishe, autazame kwa kioo cha kukuzia. Ataona vitone vya nyuzi vimesongamana upande wa nje, na ndani vikiachana. Mwanzi ukipinda, mkazo mkubwa uko nje, na nyuzi ziko palepale penye kazi. Mimi bado nafurahi kila ninapouona mkato huo.

Hatua ya 4: Andika kanuni bila kumtaja kiumbe

Kwa chaza, kanuni ni hii: "Vipande vigumu, bapa, vinavyopishana, vimeshikwa na kitu laini, chembamba, kilicho dhaifu kuliko vipande vyenyewe." Rudieni neno "dhaifu". Wengi hulifuta wakidhani nimekosea.

Hatua ya 5: Tengeneza kwa vitu rahisi, uvunje

Changanya plasta na maji, umimine mhimili mmoja mzima: urefu sentimita 20, upana 4, unene milimita 12. Huo ni wa kulinganishia, usiuruke. Kisha mimina vibamba vya unene wa milimita 3, uvikate vipande vya sentimita 4 kwa 4, uvipange tabaka nne kwa gundi nyeupe ya mbao, kila kiungo kikiangukia katikati ya kipande cha chini yake. Acha vikauke siku kadhaa.

Laza kila mhimili juu ya egemeo mbili, ning'iniza ndoo katikati, mimina mchanga taratibu. Ule mzima utasimama imara, halafu "pa!", vipande viwili. Ule wa tabaka utaanza kulia mapema zaidi, utapinda, utaonyesha nyufa pembeni, lakini utaendelea kushikana. Pengine utabeba mchanga kidogo kuliko ule mzima, msivunjike moyo. Kubeba mzigo mkubwa ni jambo moja, kuvumilia ufa ni jambo jingine, nasi tuliomba la pili.

Mara ya kwanza nilipaka gundi nene, mhimili ukalegea kabla ya mchanga. Mara ya pili nikatumia gundi kali ya kuchanganya sehemu mbili, ufa ukapita moja kwa moja kana kwamba hakuna tabaka. Hapo ndipo nilipoelewa neno "dhaifu".

Hatua ya 6: Hamia kwenye maada halisi

Mwaka 2006 Sylvain Deville na wenzake huko Berkeley, Marekani, walionyesha njia ya barafu. Unga wa kauri unachanganywa na maji na kugandishwa kutoka upande mmoja. Barafu inakua kwa tabaka na kuusukuma unga katikati yake. Barafu inaondolewa kwa kugeuzwa mvuke bila kuyeyuka kwanza, kauri inachomwa, nafasi zinajazwa kitu kingine. Hakuna anayepanga tofali kwa mkono.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina printa ya 3D. Naweza kuchapa kombe?

Marahaba. Mdomo wa printa nyingi ni milimita 0.4, yaani mikromita 400. Kigae cha chaza kina unene wa nusu mikromita. Kombe lenyewe hutalipata. Kanuni utaipata, kwa sababu inafanya kazi hata kwa vipimo vikubwa, ingawa faida hupungua. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill walichora mistari ya nyufa ndogo ndani ya kioo kwa leza, wakapata kioo kilichohitaji nishati mara 200 kuvunjika kuliko kioo kisichochorwa.

Swali: Nilipaka rangi ya kuiga jani la yungiyungi, maji yakawa yanabiringika. Baada ya muda yakaanza kushika. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Jani lina vinundu vidogo vyenye nta, na nta ikisuguliwa jani hai linatoa nyingine. Rangi yako imekufa tangu ulipoipaka. Kwenye hatua ya 4 ongeza swali: kiumbe anajikarabati vipi? Kama huwezi kuiga hilo, peleka uso huo mahali pasiposuguliwa.

Swali: Mhimili wangu wa tabaka ulikatika kama ule mzima, na gundi nilipaka nyembamba kabisa. Kwa nini?

Tazama mkato wake kwa ubavu. Nadhani utakuta viungo vya tabaka mbili au tatu vimelingana, ufa ukapata njia iliyonyooka. Vinapishana kweli, au vimeteleza gundi ilipokuwa mbichi? Safari nyingine weka vipande viwili vya mbao pembeni vikiwa ukuta, uviondoe gundi ikishashika.