Kupiga picha mashua za Bagamoyo wakati wa magharibi: fahamu maji kwanza, kamera baadaye

Picha yangu ya kwanza ya shata ndefu, yaani kamera ikiachwa wazi kwa sekunde nyingi, pale ufukweni Bagamoyo ilitoka na mashua yenye milingoti mitatu. Mashua yenyewe ina mlingoti mmoja. Stendi nilikuwa nimeisimamisha vizuri, kamera sikuigusa, bahari ilikuwa shwari, na bado chombo kikatoka kama mgonjwa wa homa. Nikampelekea nahodha mmoja aliyekuwa amekaa akishona wavu.

"Shikamoo nahodha. Hebu nitazamie hii."

"Marahaba mwanangu." Akaitazama, akacheka. "Chombo kinaelea, wewe unataka kitulie? Ngoja maji yapwe, kikae mchangani."

Tangu siku ile, kabla ya kuchaji betri naangalia maji. Wanaokwenda kupiga Daraja la Nyerere kule Kigamboni wana raha yao: daraja halielei.

Hatua ya 1: Chagua siku

Unatafuta siku ambayo maji yamekupwa jua linapozama, yaani kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea msimu. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu maji hujaa alasiri kwenye saa 10 na hukauka saa 4 usiku. Magharibi utayakuta njiani yanashuka, na mashua nyingi bado zinacheza. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo siku zako zinaangukia kati ya tarehe 9 na 11 za mwezi mwandamo, na tena kati ya 24 na 26. Hakikisha kwenye jedwali la maji, au muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kutazama popote.

Kuna jambo ambalo wengi hugundua wakiwa wameshalipa nauli: mwezi mpevu ukichomoza baharini na mashua zilizotulia mchangani havikutani jioni moja. Mwezi mpevu ni bamvua, na bamvua ndiyo hiyo niliyoieleza. Ukiutaka mwezi, achana na vyombo, piga maji na kuta. Na usiache shata wazi sana, kwa sababu mwezi husogea upana wake mzima kwa dakika 2 hivi; sekunde 60 zinatosha kuugeuza yai. Mimi napenda zaidi tarehe 10: mwezi uko juu kichwani, unamwaga mwanga kidogo kwenye mbao za mashua, na haumo kwenye picha kuleta usumbufu.

Hatua ya 2: Vifaa

Kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe, stendi nzito, rimoti au taima ya sekunde 2, kitambaa kikavu, tochi. Filta ya ND, kioo cheusi cha mbele ya lenzi, inayopunguza mwanga mara 64 inasaidia ukitaka kuanza mapema, lakini jua likishazama vizuri huihitaji. Simu zenye uwanja wa kupanga shata hadi sekunde 30 nazo zinafanya kazi, mradi ziwe kwenye stendi.

Na vifuu vitatu vya nazi. Nitaeleza.

Hatua ya 3: Fika saa 11, salimia watu

Pale karibu na jengo la forodha la zamani, lile la enzi za Wajerumani, ni mahali pa kazi. Kuna samaki wanauzwa, kuna mafuta yanachemka kwenye makarai, kuna watu wanavuta kamba. Usifungue stendi katikati yao kama umekodi pwani. Salimia, sema unapiga nini, na mwombe mwenye chombo. Nikiomba mapema, mara nyingi mtu huniambia mwenyewe mashua ipi haitatoka usiku ule, na taarifa hiyo ina thamani kuliko lenzi mpya. Nimewahi kupanga picha dakika arobaini, kisha wenye ngalawa wakaja wakaisukuma majini, wakaenda zao kuvua. Haki yao.

Chagua chombo kimoja. Wanaoanza hutaka vyote kumi, na picha inakuwa kama maegesho.

Hatua ya 4: Stendi mchangani

Mchanga ulioachwa na maji muda si mrefu unaonekana mgumu, lakini unatitia polepole, na kwa shata ya dakika moja kutitia kwa milimita moja kunatosha kuharibu. Weka kila mguu wa stendi ndani ya kifuu kilicholazwa kama bakuli, ukandamize kwa nguvu, subiri dakika mbili, kisha pima tena usawa. Wakati wa kusi, upepo ukiwa mkali, shusha stendi iwe fupi na usitoe shingo ya katikati. Begi usiliache likining'inia na kubembea, liguse chini.

Zima kizuia mtikisiko cha lenzi. Juu ya stendi chenyewe ndicho kinachoweza kuleta mtikisiko.

Kama umetoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi nusu saa kwanza. Ukiitoa ghafla lenzi inavaa ukungu, na ukifuta unarudi.

Hatua ya 5: Panga kamera kukiwa bado na mwanga

ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, faili ghafi za RAW. Rangi ya mwanga weka kwenye alama ya jua, kwa maana ukiiachia kamera iamue, itaufuta ule ubuluu wa anga baada ya jua kuzama uliouendea. Lenga fokasi kwenye mlingoti, kisha hamia fokasi ya mkono na usiguse tena. Gizani kamera hutafutatafuta haipati.

Halafu ingia kwenye menyu uzime kipunguza chenga (vidoa vidoa vya picha) cha shata ndefu. Kikiwa kimewashwa, baada ya shata ya sekunde 60 kamera inakaa sekunde 60 nyingine ikipiga giza ili ilinganishe. Kwingine wanaweza kuvumilia. Hapa kwetu, karibu na mstari wa Ikweta, jua huzama wimawima, na kutoka kuzama hadi giza la kuhitaji tochi ni dakika 20 na ushee tu. Ukisoma miongozo ya Ulaya inayosema una saa nzima ya buluu, ujue si saa yako.

Hatua ya 6: Hesabu

Mwanga unapungua nusu kila dakika 3 hivi. Huwezi kujaribu kwa shata za dakika moja moja, jioni itakuishia mkononi. Jaribu kwa ISO 3200: tuseme sekunde 2 zimetoa picha nzuri. 3200 gawanya kwa 100 ni 32, na 2 mara 32 ni 64. Kwa hiyo ukirudi ISO 100 unahitaji sekunde 64. Lakini wakati shata iko wazi giza nalo linaingia, kwa hiyo mimi naweka 80 au 90. Zaidi ya sekunde 30, tumia alama ya B, inayoacha shata wazi mpaka uifunge mwenyewe, na rimoti. Kama kamera yako ina kitundu cha kuchungulia chenye kioo, kifunike na kitambaa, mwanga hupenya kwa nyuma.

Mtu akipita mbele katika shata hiyo haonekani kabisa. Akipita na tochi ya simu, anakuchorea mstari mweupe katikati ya bahari. Ndiyo maana nilisema salimia kwanza.

Hatua ya 7: Baharini kwanza, kisha geuka

Bagamoyo inatazama mashariki. Jua linazama nyuma yako, upande wa bara. Wageni hulalamika kwamba hakuna machweo. Yapo, ila yanakuja kwa mlango wa pili. Kama dakika 5 hadi 15 baada ya jua kuzama, anga ni safi, tazama usawa wa bahari upande wa Zanzibar: utaona utepe wa kijivubuluu, na juu yake utepe wa waridi. Ule wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe kikipanda. Weka mlingoti ukate tepe zote mbili, upige.

Utepe ukififia, beba stendi na vifuu vyake, shuka karibu na maji, geukia nchi kavu. Sasa rangi ya chungwa iliyokuwa kali mno nyuma ya minazi imepoa, taa zimewashwa, na kuta za forodha zinaonekana bila kuungua. Hapo una picha tatu, nne ukiwa mwepesi.

Ukifika nyumbani, kabla ya kufungua kompyuta, fungua vipande vyote vya miguu ya stendi uvisuuze kwa maji baridi ya bomba. Stendi yangu ya kwanza niliiacha na chumvi wiki mbili, na mguu mmoja haukurefuka tena.