Kukata kona na ndege ndogo angani Tabora

Kinachoipindisha ndege ni mabawa, si usukani wa mkia. Ukiilaza ubavu, nguvu inayoibeba nayo inalala: sehemu yake huivuta ndege upande wa kona, na inayobaki kubeba uzito hupungua. Ndiyo maana pua huzama.

Kwanza angalia nje, upande unaokwenda. Zungusha gurudumu la mkononi na papo hapo kanyaga pedali ya upande huohuo. Usiisahau pedali: kibapa cha bawa la nje kikishuka, bawa hilo hunyanyua zaidi lakini pia hukokotwa zaidi na hewa, hivyo pua hukimbilia upande usio wake. Kipira cha dashibodi, kinachoonyesha kama ndege inateleza kando, kikienda kushoto, kanyaga kushoto. Ukifika nyuzi 30 za mlalo, rudisha gurudumu katikati na ulivute kidogo. Kwenye nyuzi 45 ongeza nguvu ya injini. Bawa la nje, kwa kuwa linakwenda mbio zaidi, litataka kuilaza ndege zaidi, basi lizuie. Kutoka kwenye nyuzi 30, anza kunyoosha zikibaki nyuzi 15 kufikia mwelekeo wako, huku ukilegeza mkono, la sivyo utapanda.

Kwenye nyuzi 60 bila kupoteza kimo, mabawa hubeba uzito mara 2. Ndege ambayo mabawa yake huishiwa unyanyuaji kwa noti 50 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) ikiruka sawasawa, huishiwa kwa noti 60 hivi kwenye nyuzi 45, na 71 kwenye nyuzi 60.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Mchana wa joto, saa ya kasi ikisoma noti 90, kasi halisi hukaribia 100. Kona ya nyuzi 30 ambayo usawa wa bahari ingekuwa na nusu kipenyo cha mita 380, hapa hufika 470. Ardhi nayo huonekana kupita mbio. Usidanganyike ukapunguza mwendo, iamini saa.

Anayezoea pwani huchelewa kugeukia barabara ya kutua, akaipita. Hatari kubwa iko hapo: anakanyaga pedali kuivuta pua, anazuia mlalo kwa gurudumu, kisha anavuta. Bawa la ndani, lililo taratibu zaidi, huishiwa unyanyuaji kwanza. Ndege hupinduka na kuanguka ikizunguka, na mita 150 hazitoshi kuiokoa. Anza kona mapema, usizidi nyuzi 30. Ukiipita barabara, nyoosha mabawa, ongeza nguvu, panda, uzunguke upya.