Biskuti za siagi: mkono au mashine? (Somo, nisiulizwe tena)

Kila Idi ikikaribia, swali ni hilo hilo: donge nichanganye kwa mkono au kwa mashine ya kuchapia? Jibu: vyote viwili, kila kimoja na zamu yake.

Vipimo: siagi gramu 250, sukari ya unga 150, yai 1, unga wa ngano 400, iliki kijiko cha chai, chumvi chembe.

1. Toa siagi kwenye friji. Kidole kiache shimo, ila isichuruzike. Kwa joto la Tanga, usiende mbali.

2. Chapa siagi na sukari mpaka iwe nyeupe: mashine dakika 3, mwiko 10. Kiganja kitaiyeyusha.

3. Tia yai na iliki, chapa lishikane.

4. Unga. HAPA ZIMA MASHINE. Siku niliyonunua yangu nilijiona nimeokoka: nikamwaga unga wote, nikaiacha inazunguka, nikaenda kupokea simu. Simu ya dada yangu si ya dakika moja. Biskuti zilitoka kama vigae. Mama mkwe alichovya moja mpaka chai ikapoa, hakusema neno, na huko kunyamaza ndiko kulikoniuma. Unga wa ngano ukipata majimaji na kusukwasukwa hufanya nyuzi za kuvutika. Mkate unazitaka, biskuti hazitaki. Basi chekecha, tia kwa mafungu matatu, kusanya kwa ncha za vidole. Unga mkavu usipoonekana tena, acha. Usikande. Donge likimeguka usitie maji, libane tu.

5. Friji nusu saa.

6. Sukuma, kata, oveni nyuzi 170, dakika 12 hadi 15. Kingo zikianza rangi, toa.

MASWALI

Mama Pacha: Kwa hiyo nikishatia unga nawasha mashine dakika ngapi?
— Sifuri. Hatua ya 4.

Kijana wa Makorora: Sina mashine, blenda je?
— Blenda ya juisi. Mwiko unao?

Bi Harusi: Nimefuata yote, zimekuwa ngumu. Somo halifai.
— Ulitia maji?
Bi Harusi: Kidogo tu, nusu kikombe.
— Hizo chapati. Tafuta mchuzi.

Kungumanga: Shikamoo dada. Mbona nankhatai (zile biskuti za Kihindi) bibi anazikanda kwa nguvu na bado zinamumunyika?
— Marahaba mwanangu, swali zuri hilo. Bibi anatumia samli. Siagi ina maji kama asilimia 16, na hapa tumeongeza yai. Samli maji yake yametoka jikoni zamani, kwa hiyo nyuzi hazipati cha kunywa. Shida ya samli ni joto: ikiwa ya maji, nankhatai zinatandaa. Iweke kwenye friji igande kwanza. Msalimie bibi.

Kungumanga: Na asiye na oveni?
— Sufuria nene, mchanga mkavu chini, treya juu yake. Makaa mengi juu ya mfuniko, machache chini. Ukifunua kuchungulia, inua mfuniko wima, jivu lisimwagike ndani.

Mama Pacha: Mashine namba ngapi baada ya unga?
— Chomoa waya, dada.