Somo: Kumwomba msanidi wa programu huria bila kugombana naye

Waungwana, habari za jioni. Wengi wetu tunawaandikia wasanidi, yaani watengenezaji, wa programu huria (zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi kwa wote) kana kwamba tumewaajiri. Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nina steshenari hapa Ngamiani, na risiti natoa kwa programu ndogo ya huria. Siku moja nimeandika 12,500, risiti ikatoka shilingi kumi na mbili na nusu. Nikamwandikia msanidi: "Ondoa hiyo koma haraka, wateja wanasubiri!" Akanijibu kwa mstari mmoja tu: msimbo uko wazi, karibu urekebishe. Nilinuna wiki nzima.

Hatua ya 1: Soma leseni. GPL na MIT, leseni mbili zinazotumika sana kwa programu huria, zote zinasema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Ni mtungi wa maji barazani. Mpita njia anakunywa bure, akiona una ufa atamwambia mwenye nyumba, lakini hawezi kufoka kwamba maji hayana barafu.

Hatua ya 2: Tafuta kama ombi lako lipo tayari. LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, wana Bugzilla, daftari la mtandaoni la kuandikia hitilafu na maombi; wengine wako GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo na maombi kama hayo. Ukilikuta, ongeza maelezo mapya. "Hata mimi" peke yake haimsaidii mtu.

Hatua ya 3: Eleza shida, dawa mwachie yeye. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Msanidi wangu ni Mjerumani, na kwao koma ndiyo alama ya desimali. Angeniondolea, angewavurugia hesabu watu wa kwao wote. Mara ya pili nikaandika kwa utulivu: toleo la programu, mfumo wa kompyuta, nilichoingiza, nilichotarajia, kilichotoka, na picha ya risiti. Koma hakuigusa. Aliongeza kwenye mipangilio sehemu ya kuchagua nchi, jambo ambalo mimi wala halikunipitia kichwani.

Hatua ya 4: Subiri. Wengi wanaifanya kazi hii usiku, wakishatoka kibaruani. Kukumbusha baada ya mwezi si vibaya.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kaka, mimi nilichangia dola 5. Bado sina haki ya kudai?*
Huna, ndugu yangu. Ule ulikuwa mchango. Ukitaka kuagiza, mkubaliane kazi na bei, kama unavyompelekea fundi cherehani kitambaa. Wapo wasanidi wanaopokea kazi hizo.

*Akikataa katakata?*
Leseni inakuruhusu kuchukua msimbo wote uanzishe yako. LibreOffice yenyewe ilizaliwa hivyo mwaka 2010, kutoka OpenOffice.org. GNOME 3, sura ya skrini kwa kompyuta za mfumo wa Linux, ilipotoka mwaka 2011 ikiwa na muonekano mpya, walioipenda ile ya zamani wakaiendeleza kwa jina la MATE. Ila ujue, ukishaanzisha yako, barua za "ondoa koma" zitakuja kwako.

*Mwalimu, si tukiwa wengi tukambana, atalegea?*
Atalegea, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 2022 Lasse Collin, aliyekuwa akiitunza xz, programu huria ya kubana mafaili, karibu peke yake, alisongwa na watu wasiojulikana wakilalamika kwamba anachelewa na amwachie mwingine. Alisema wazi kwamba hali yake ya afya ya akili si nzuri. Aliyekaribishwa kumsaidia, kwa jina la Jia Tan, baadaye alipenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Uligunduliwa Machi 2024 na Andres Freund, aliyeshangaa kuona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, kunachelewa kama nusu sekunde. Wale walalamikaji wanashukiwa kuwa walikuwa kundi moja na huyo Jia Tan. Kwa hiyo dada, ukiona watu wanamzonga msanidi, usiwe wa kuongeza kelele.

*Kiingereza changu cha kubabaisha. Niandikeje?*
Sentensi fupi fupi, na picha ya skrini. Changu nacho ni hicho hicho cha sokoni, na bado ile 12,500 ilieleweka.