SOMO: Urefu wa wimbi na masafa, jinsi ya kutoka kimoja kwenda kingine (soma kabla ya kuuliza)

Wiki hii peke yake nimeulizwa swali hili mara nne, na mara zote nimejibu yale yale. Naliandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamrudisha huku.

Kwanza maneno, maana lugha yetu imetutegea mtego. Masafa ni idadi ya mawimbi yanayopita mahali pamoja katika sekunde moja, na hupimwa kwa hezi. Vitabu vingine huyaita marudio. Urefu wa wimbi ni umbali toka kilele kimoja hadi kinachofuata, kwa mita. Tatizo ni kwamba mtangazaji wa redio akisema "masafa mafupi" anazungumzia urefu wa wimbi, na hapo hapo, bila kupumua, anataja "masafa ya kilohezi 9,500". Usisikilize neno, tazama kipimo: ni mita au ni hezi?

Hatua ya 1. Andika unachokijua pamoja na kipimo chake.

Hatua ya 2. Kigeuze kiwe mita au hezi tupu. Kilo ni elfu, mega milioni, giga bilioni. Nanomita ni mita moja uliyoigawa kwa bilioni.

Hatua ya 3. Chagua kasi. Hapa tulia. Nilipokuwa mwanafunzi niliulizwa urefu wa wimbi la sauti ya hezi 440, ile noti ambayo wanamuziki huweka vyombo sawa kwayo. Kichwani nilikuwa na kasi moja tu, ya mwanga: mita 300,000,000 kwa sekunde. Nikagawanya, nikapata kilomita 682, nikalipigia jibu mistari miwili na kukabidhi karatasi. Sauti haiendi kwa kasi ya mwanga! Hewani, kwenye nyuzijoto 20, inakwenda mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo jibu lilikuwa sentimita 78. Ndani ya maji inafika karibu mita 1,480 kwa sekunde, na noti ile ile inakuwa na wimbi la mita 3.4.

Mtego mwingine hapo hapo: redio na sauti. Linalosafiri toka mnarani hadi kwenye antena yako ni wimbi la sumakuumeme, ndugu wa mwanga, nalo lina kasi ya mwanga. Linalotoka kwenye spika kuja sikioni ni sauti. Kilohezi 1 ya sauti ina urefu wa sentimita 34. Kilohezi 1 ya sumakuumeme ina kilomita 300. Masafa ni yale yale, mawimbi ni mawili tofauti kabisa.

Hatua ya 4. Gawanya. Kasi ÷ masafa = urefu. Kasi ÷ urefu = masafa.

Hatua ya 5. Litazame jibu kama linaingia akilini. (Kilomita 682!)

Mifano miwili: FM ya megahezi 100 ni 300,000,000 ÷ 100,000,000 = mita 3. Mwanga wa kijani wa nanomita 500 ni hezi trilioni 600.

MASWALI

kipepeo7: Mkuu naomba msaada wa haraka, 2.4 ni mita ngapi?

Mwandishi: 2.4 ya nini? Hatua ya 1.

kipepeo7: Gigahezi, ya Wi-Fi.

Mwandishi: Sentimita 12.5. Ungeandika kipimo tangu mwanzo ungeshaondoka.

hesabu_kali: Kasi ya mwanga ni 299,792,458, siyo 300,000,000. Unapotosha watu.

Mwandishi: Naijua hiyo namba, na tangu 1983 mita yenyewe inafasiliwa kwayo. Kwenye mfano wangu wa FM tofauti ni milimita 2 ndani ya mita 3. Anayekata waya kwa koleo haioni. Ukipima maabara, tumia yako.

swali_moja_tu: Mwanga ukiingia kwenye kioo hupunguza kasi. Kwa kanuni yako kitu kimoja lazima kibadilike. Mbona rangi haibadiliki?

Mwandishi: Swali zuri, karibu sana. Masafa huamuliwa na chanzo. Vilele vinavyofika kwenye uso wa kioo kila sekunde lazima viingie vyote, haviwezi kurundikana mlangoni wala kuzaliana. Kwa hiyo masafa hubaki, urefu ndio hupungua. Kioo cha kawaida huishusha kasi hadi karibu 200,000,000, hivyo mwanga wa nanomita 600 hubanwa ukawa 400 ndani yake. Ukitoka upande wa pili unarudi 600. Na fikiria hili: hata jicho lina majimaji ndani, kwa hiyo kila mwanga unaouona umeshafupishwa kabla haujagusa retina.

swali_moja_tu: Kumbe zile nanomita za rangi ni za nje, kwenye ombwe, pasipo hata hewa!

Mwandishi: Ndiyo. Na hewani karibu sawa.

fundi_antena: Hii imenigusa. Nilikata kebo ya robo wimbi (robo ya urefu wa wimbi) kwa megahezi 145, sentimita 52 kamili, na haikufanya kazi.

Mwandishi: Hizo 52 ni za hewani. Ndani ya kebo yenye plastiki ngumu katikati kasi hushuka hadi kama asilimia 66. Kata 34.

waya_mrefu: Naongezea: yenye plastiki ya povu inafika kama asilimia 80, angalia karatasi ya kebo yako. Na kwa hewani njia ya mkato ni 300 ÷ megahezi, jibu linakuja kwa mita.

Mwandishi: Sahihi. Ila usiipeleke kwenye sauti.

nesi_wa_zamu: Mashine ya ultrasaundi je? Ni megahezi 5.

Mwandishi: Hiyo ni sauti, na mwilini huchukuliwa mita 1,540 kwa sekunde. Milimita 0.3. Ndiyo maana wanapanda hadi megahezi: wimbi refu kuliko kitu unachokitafuta halikuonyeshi umbo lake. Ila masafa yakizidi, mawimbi hunyonywa kabla hayajafika mbali ndani ya mwili.

kipepeo7: Samahani, sauti ya 440 natumia kasi gani?

Mwandishi: Hatua ya 3.

kipepeo7: Nimeisoma sasa. Kweli uliandika kilomita 682?

Mwandishi: Kweli. Karatasi bado ninayo.