Sanduku Moja, Sebule Moja: Jinsi ya Kupiga Filamu ya Kuchekesha Mombasa kwa Pesa Kidogo

Mimi kazi yangu ni video za harusi. Siku ya kupamba bi harusi, mwanamume haingii ukumbini na simu za wageni huzuiwa mlangoni, kwa hiyo anayeshika kamera sharti awe mwanamke, tena anayejua kufunga mdomo. Huko ndiko nilikojifunzia, usiku, taa za rangi zikizunguka, vigelegele masikioni, na bi harusi aliyekatazwa kucheka. Miaka mingi nikirudi nyumbani nilikuwa nikisema moyoni kwamba vituko vya pembeni, vya mashangazi wanaogombea viti vya mbele, vinaishinda harusi yenyewe. Mwisho nikaamua kupiga filamu yangu, ya dakika 34, kwa siku nne.

Nitaanza na pesa, maana najua ndizo unazotaka kujua. Zilitoka shilingi 33,100, ukiacha ada za leseni. Chakula cha watu 12 kwa siku nne kilikula 14,400. Nauli 5,000. Diski ya kuhifadhia ya TB 1, 7,000. Maiki mbili ndogo za kubana kifuani, 3,200. Kadi ya GB 128, 2,500. Tokeni za stima nilizomnunulia mwenye nyumba, 1,000. Kamera nilikuwa nayo ya kazini, na kamera ya pili ilikuwa simu ya mpwa wangu.

Chakula usikipunguze. Mtu anayekuigizia bure humlipi kwa ahadi ya umaarufu, wamlipa kwa mahamri na mbaazi za moto saa moja asubuhi na sahani ya pilau mchana. Siku ya tatu nilijifanya mjanja nikaleta mikate na soda. Ilipofika saa tisa, ami yangu akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumtazama Kisauni. Alirudi kesho yake, baada ya kusikia harufu ya biriani.

Sasa hadithi. Usianze kuandika kabla hujahesabu ulivyo navyo bila kulipa. Mimi nilikuwa na sebule ya shangazi yangu Kibokoni, Mji wa Kale, leso (kanga) zisizo na idadi, jamaa wasiojua kunyamaza, na sanduku kubwa la binamu yangu aliyerudi kutoka Muscat, ambalo kufuli yake ilikuwa imekwama kikweli. Hadithi ikajiandika: kijana karudi kutoka Uarabuni, ufunguo umepotea, na ukoo mzima umekaa sebuleni ukingoja sanduku lifunguliwe, kwa sababu kila mmoja aliagiza kitu chake. Mahali pamoja, mchana mmoja, nguo hazibadilishwi. Kila unapoandika "usiku" au "hotelini" au "mvua inanyesha", umejiandikia bili.

Lakini kilichonipa kicheko si sanduku. Ni kwamba Mswahili hawezi kusema "nataka zawadi yangu". Atasema pole na safari. Kisha ataulizia hali ya hewa ya huko. Kisha atasema pole na safari mara ya pili, macho yakiwa kwenye kufuli. Ucheshi wetu uko katika kuzunguka, na kila mhusika wako mpe kitu anachokitaka sana na haya inayomzuia kukisema. Ukiwa na hayo mawili, hata mtu asiyewahi kuigiza atachekesha. Ukikosa, ndipo utaona watu wanaanza kuanguka kwenye ndoo za maji.

Na kwa kuwa kicheko chetu kiko mdomoni, pesa na akili ziende kwenye sauti kwanza. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo. Neno asilolisikia halimchekeshi, basi. Maiki ya juu ya kamera hunasa chumba kizima, pamoja na jogoo wa jirani. Bana maiki ndogo kifuani kwa mwenye maneno mengi, iunganishe na simu iliyo mfukoni mwake, na kabla ya kila tukio piga kofi moja kubwa mbele ya kamera. Ukija kuhariri, utalinganisha kofi la picha na kofi la sauti, na maneno yatakaa midomoni. Jihadhari na buibui: kitambaa kile huchakarisha kila mtu anapopumua. Nilimfunga shangazi maiki kwenye fundo la leso ya pamba, kwa ndani, waya nikaubandika na plasta. Mchakacho ukaisha.

Zima pangaboi. Zima friji. La friji nitalisimulia maana liliniumiza: siku ya kwanza nilizima friji ya shangazi saa mbili asubuhi, tukapiga hadi magharibi, tukakusanya vitu tukaenda zetu. Asubuhi nimepiga hodi, nikajibiwa kutoka jikoni.

"Mwanangu, hebu njoo unuse."

"Shikamoo shangazi. Kuna nini?"

"Marahaba. Kuna samaki changu kilo mbili. Kuna aibu yako."

Tangu siku hiyo, nikizima friji ya mtu, naweka funguo za nyumba yangu ndani yake. Siwezi kwenda kulala bila kuifungua.

Mji wa Kale una misikiti mingi na adhana haziingii kwa sekunde moja; msikiti huu ukimaliza, ule ndio waanza. Usishindane nazo. Ratiba yangu ilijengwa juu ya sala: adhuhuri ni mapumziko ya chakula, alasiri ni chai, Ijumaa hatukugusa kamera hadi saa nane. Na kila ukimaliza mahali, nyamazisheni wote kwa dakika moja mrekodi ukimya wa chumba. Ukimya una sauti yake, na utaihitaji kufunika mashimo kati ya maneno.

Tulipiga Julai, kusi ikivuma. Nilikuwa na tukio moja tu la nje ya sebule, la ufukweni Mama Ngina, kijana akipigiwa simu na mchumba. Upepo ulikula kila neno, hata na sponji juu ya maiki. Tulikaa saa nzima tukingoja utulie, kama kwamba kusi ina adabu. Mwisho tukalipiga ndani ya tuktuk ya kaka yangu iliyoegeshwa uchochoroni, injini imezimwa, mapazia yamefungwa, na likawa tukio bora zaidi, kwa sababu ndani ya tuktuk hakuna mahali pa kuficha uso.

Kwenye picha nitapita haraka kidogo, ila mambo matatu yashike. La kwanza ni stima. Umeme wetu Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Simu nyingi huja zimewekwa fremu (yaani picha) 30 kwa sekunde na hapo ndipo unapopata ile mistari inayopanda ukutani. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, mistari itaondoka. Kama programu ya kamera ya simu yako haikuruhusu, pakua nyingine inayoruhusu. Ziko za bure.

La pili ni kanzu na buibui. Hakuna kitu kigumu kwa kamera ya bei rahisi kama mzee mwenye kanzu nyeupe pe kando ya mama mwenye buibui jeusi. Ukipima mwanga kwa mama, kanzu inaungua ikawa karatasi. Ukiupima kwa mzee, mama anakuwa shimo lenye macho. Harusini sina hiari, kwenye filamu ninayo. Wanaume niliwavisha kanzu za rangi ya krimu, wanawake nikawakalisha upande wa dirisha na leso za rangi mabegani, kisha nikapima mwanga kwa kanzu na kuufunga hapo usibadilike. Taa ya kuongezea sikununua. Kifuniko cheupe cha boksi la samaki, lile la povu, hurudisha mwanga wa dirishani usoni vizuri sana. Kioshe kwanza.

La tatu ni nyumba zenyewe. Nyumba za mawe za zamani zilipauliwa kwa boriti za mikoko, na boriti hazifiki mbali, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, kama mita tatu hivi upana. Kamera haina pa kurudi nyuma. Nilipiga karibu filamu yote nikiwa nimesimama mlangoni, nikitazama urefu wa chumba, wote wamekaa pande mbili na sanduku katikati kama maiti. Hilo lilikuwa la lazima, lakini ndilo lililochekesha. Picha pana iliyotulia humwachia mtazamaji kuchagua nani wa kumcheka. Ukikimbiza kamera huku na huku unamwambia "cheka hapa", naye hukataa.

Kitu kimoja nataka ukione karibu. Kuna tukio ambalo mke wa jirani anaingia, hasemi lolote, anakaa. Amejifunga leso yenye maneno: "Mdhaniwa ndiye kumbe siye". Nilipiga picha ya karibu ya pindo lile, sekunde nne, nikiisogeza taratibu kufuata maandishi. Kisha uso wa shangazi akiisoma, midomo ikienda. Kisha shangazi anainuka, anaingia chumbani, anatoka amebadilisha leso. Ya kwake siisemi. Hakuna neno lililotamkwa na pale barazani tulipoionyesha watu walipiga kelele. Leso ni shilingi mia chache na imekuja na maneno yake tayari, mwandishi hadai.

Waigizaji wasiowahi kuigiza usiwape karatasi wakariri. Shangazi alipokariri alizungumza kama anayesoma taarifa ya habari. Nilimnyang'anya karatasi nikamwambia, "Wewe uliagiza dhahabu, na wajua wifi yako naye aliagiza dhahabu. Hilo usilitaje." Nikawasha. Tatizo ni kwamba hasemi jambo kwa namna moja mara mbili, kwa hiyo kulikata ni taabu. Dawa yake ni kamera mbili kwa wakati mmoja: moja kwa msemaji, nyingine kwa msikilizaji. Ukilazimika kuchagua moja, chagua msikilizaji. Kicheko kiko kwa anayemeza maneno.

Kamera zote mbili zikae upande mmoja wa chumba. Nilitandika uzi kwenye mkeka, nikamwambia mpwa wangu asiuvuke. Akiuvuka, ami aliyekuwa akitazama kulia atatazama kushoto, na watu watadhani anaongea na ukuta. Na mwenye kamera akicheka, picha inatikisika na sauti inaingia. Mimi niliuma ncha ya leso siku nne.

Simu itapata moto na kuzima yenyewe katikati ya maneno bora; wakati wa mapumziko iweke mbele ya feni, usiitie frijini, unyevu utaingia. Vivyo hivyo ukitoka chumba chenye eyakandishini, kioo cha kamera kitashika ukungu, kipe robo saa.

Jioni, kabla hujala, nakili kazi ya siku. Video ya 1080p kwa megabiti 50 kwa sekunde huchukua takriban GB 22 kwa saa, kwa hiyo kadi yangu ilibeba zaidi ya saa tano. Nakala moja diskini, nyingine kwenye laptopu, na kadi haifutwi mpaka zote mbili zimefunguliwa na kutazamwa. Niliwahi kupoteza kesha zima la harusi la watu. Sitaki kulizungumza.

Karatasi zisikutishe, ila usiziruke. Sheria ya Kenya, Sura ya 222, inataka uwe na leseni kabla ya kupiga filamu, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ndiyo inayoikagua na kuipa daraja kabla hujaionyesha hadharani. Ngome ya Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, ruhusa yake ni ya peke yake. Kivukoni Likoni usitoe kamera kienyeji. Mtaani mwenyewe, mwarifu mzee wa mtaa na uwaombe majirani siku moja kabla. Kila aliyeonekana atie sahihi ukurasa mmoja, hata mama yako.

Kuhariri nilitumia programu ya DaVinci Resolve, toleo la bure, kwenye laptopu iliyokuwa ikilia kama kibiriti cha gesi. Mkato wa kwanza ulikuwa dakika 58. Nikawaalika watu wanane sebuleni, nikakaa kando ya televisheni nikiwatazama wao, daftari mkononi. Palipochekwa niliandika dakika, na nikaongeza nusu sekunde ya ukimya baada yake ili kicheko kisifunike neno linalofuata. Palipotoka simu mfukoni nilitia mstari. Mistari ilikuwa mingi kuliko nilivyopenda, na miwili ilikuwa juu ya matukio niliyoyapenda kuliko yote, ikiwemo hotuba ya ami ya dakika tatu kuhusu bei ya tikiti za ndege. Yote nilikata. Muziki wa taarabu sikutia, kwa sababu wimbo wa mtu ni mali yake. Mpwa wangu alipiga sinia kwa vidole na tukarekodi.

Ami bado ananiulizia ile hotuba. Iko kwenye ile diski, kwa shangazi, ndani ya kopo la biskuti lenye sindano na nyuzi, na juu yake nimeandika kwa kalamu nzito: USIFUTE.