Kukereza kalamu kwa jino la kabaidi: kabla ya kulaumu jino, pima egemeo

Fundi akinunua patasi ya kabaidi, yaani yenye jino dogo la metali ngumu sana lililofungwa kwa skrubu, kalamu za kwanza zikitoka zimechanika, neno la kwanza huwa "hili jino ni feki." Huenda ni feki kweli. Lakini mara nyingi jino ni zima, na kosa liko chini yake: egemeo, chuma unacholazia patasi, limekaa juu au chini kwa milimita mbili tu. Mwongozo huu ni wa kalamu nyembamba ya kuzungusha, ile inayouzwa na vibomba viwili vya shaba vya milimita 7, kwenye kerezo (mashine ya kuzungushia mbao) dogo la mezani.

Vifaa

Patasi yenye fimbo ya chuma ya mraba, milimita 10 au 12, na jino la mraba ambalo pembe zake zimelainishwa kidogo. Hilo moja linatosha kalamu nzima. Jino la duara linasifiwa sana. Kwa bakuli sawa, lakini kwenye kalamu linagusa mbao mahali padogo na kuacha mawimbi ambayo utayamaliza kwa msasa. Mraba wenye pembe kali kama wembe nao uache, kwa sababu mkono ukiyumba kidogo unachimba mfereji.

Chukua meno mawili ya akiba, na skrubu za akiba zaidi ya hizo. Skrubu ikidondoka kwenye maranda, isahau.

Mbao ya kuanzia ni mwarubaini. Upo kila mtaa, wachongaji wa Changamwe, Mombasa, wanauchonga miaka mingi, na unasamehe makosa. Mwembe ni mzuri ila una nyuzi zinazochomoka jino likiwa butu. Mpingo unang'aa kuliko yote, lakini hupasuka ukipata joto la biti ya kutobolea na vumbi lake linawasha pua na ngozi, kwa hiyo barakoa ni lazima. Mnazi ni mtihani: nyuzi zake nyeusi ni ngumu, nyama iliyo katikati ni laini, na jino hung'oa nyuzi badala ya kuzikata. Unyweshe supagluu nyepesi, ukauke, ndipo uendelee, na urudie kila unapofika nyama mpya.

Hatua ya 1: kukata, kutoboa, kugundi

Kata vipande virefu kuliko kibomba kwa milimita 3 hivi. Funga kwenye jiliwa, toboa kwa biti ya milimita 7, ukiitoa kila sentimita moja ili unga utoke. Kwaruza kibomba kwa msasa, paka epoksi ya mirija miwili, kiingize kwa kukizungusha. Kesho yake sawazisha ncha mpaka shaba ionekane, basi.

Hatua ya 2: mandreli

Kwenye mandreli, fimbo ya chuma inayoshika vipande kwenye kerezo, panga bushi (pete ya chuma yenye unene wa kalamu iliyokwisha), kipande, bushi, kipande, bushi. Nati ikaze kwa vidole. Ukiikaza kwa spana, au ukiisukuma kwa nguvu senta ya nyuma (ncha ya kwenye kichwa cha nyuma cha kerezo inayoshikilia mandreli), mandreli inapinda, na kalamu itatoka nene upande mmoja. Huwezi kuona kwa macho. Utagundua wakati wa kuunganisha, chuma na mbao zisipolingana.

Hatua ya 3: kukalisha jino

Toa jino, safisha kitako chake na tundu la skrubu kwa mswaki mkavu. Punje moja ya unga chini ya jino inatosha kulifanya lisilale sawa, na kabaidi ni ngumu lakini haipindi: ukikaza juu ya punje, inapasuka. Tia tone dogo la mafuta ya cherehani kwenye skrubu, kwa sababu hewa yetu ya chumvi ya pwani huigandisha kwa kutu. Kaza mpaka ishike, usikaze kama nati ya gurudumu.

Hatua ya 4: kimo cha egemeo

Jino la kabaidi linafanya kazi patasi ikilala bapa, sambamba na sakafu, na makali yakigusa mbao kwenye usawa wa kitovu chake. Makali yakiwa juu ya kitovu, ubavu wa jino ulio chini ya makali ndio unaosugua mbao: unapata joto, kelele na unga, hupati maranda. Yakiwa chini ya kitovu, mbao inataka kupanda juu ya jino na kulivuta chini. Hapo ndipo patasi inaruka na kipande cha mbao kinabanduka, shaba inabaki wazi.

Kwa nini bakuli halisumbui hivi? Kwa sababu ya unene. Ukikosea milimita 2 kwenye bakuli la upana wa sentimita 20, pembe ya makali inabadilika kwa digrii 1 tu. Kosa hilohilo kwenye kipande cha kalamu cha milimita 15 ni digrii 15, na ukifika milimita 8.4, unene wa bushi nyingi za kalamu hii, ni digrii 28. Ndiyo maana patasi inakata vizuri mwanzoni halafu inaharibu kazi dakika ya mwisho. Kosa lilikuwepo tangu mwanzo, wembamba ndio umelifichua.

Kupima: mandreli ikiwa haijafungwa (kama umeshaifunga, itoe kwanza), weka senta yenye ncha kwenye kichwa cha nyuma. Laza patasi juu ya egemeo, isogeze taratibu bila kugonga, pandisha au shusha egemeo mpaka uso wa juu wa jino ulingane na ncha. Kaza. Sasa kata kijiti cha mbao chenye urefu sawasawa kutoka kitanda cha kerezo mpaka juu ya egemeo, ukiandike "12" kama fimbo yako ni ya milimita 12. Fimbo ya milimita 10 inataka kijiti chake, kwa kuwa egemeo lazima lipande milimita 2.

Kijiti hicho ni muhimu kuliko unavyodhani. Kila ukilegeza egemeo kulisogeza karibu na mbao, na utalisogeza kadiri kipande kinavyopungua, linaweza kushuka kidogo bila wewe kuona. Zima mashine, sogeza, simamisha kijiti, kaza.

Halafu kuna mkono wako. Mpini ukiwa na urefu wa sentimita 40 nyuma ya egemeo na jino limetokeza sentimita 1 mbele, kushusha mpini sentimita 4 kunainua makali milimita 1. Meza ikiwa fupi, mikono inashuka yenyewe ukichoka. Kitovu cha mashine kiwe usawa wa kiwiko chako; inua kerezo kwa mbao kama hakifiki.

Ukiwa na shaka, kipande kikishakuwa duara zima mashine, bana rula nyembamba ya chuma kati ya mbao na jino, taratibu. Ikisimama wima, uko sawa. Kichwa cha rula kikiinamia kwako, jino liko chini. Kikiinamia upande wa pili, liko juu.

Hatua ya 5: kukereza

Miwani. Mizunguko 1,500 kwa dakika mpaka pembe ziishe, kisha 2,500. Anza karibu na ncha ya kipande, ingiza jino polepole, toa, sogea pembeni, ingiza tena. Zikiisha pembe, telezesha patasi kulia na kushoto mwili mzima ukisogea, si viganja peke yake.

Video nyingi zinaonyesha patasi imelazwa ubavu digrii 45 ili kupata uso laini. Hiyo ni ya fimbo ya mviringo. Fimbo ya mraba ukiiinua ubavu inasimama kwa ukingo mmoja na inaweza kujipindua mkononi.

Simama mbao ikibaki juu ya bushi kwa unene wa karatasi mbili hivi. Jino lisiguse bushi: linamomonyoka, na unga mweusi wa chuma unaingia kwenye vinyweleo vya mwarubaini na hautoki.

Maranda mepesi yakigeuka unga, kwanza futa utomvu kwenye jino kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Likikataa, ligeuze robo mzunguko. Weka alama ya kalamu ya wino kwenye upande uliokwisha, la sivyo utazunguka na kurudi palepale.

Hatua ya 6: msasa na umaliziaji

180, 240, 320, 400, 600. Kila namba, zima mashine na upitishe msasa kwa urefu wa mbao. Supagluu ni umaliziaji mgumu na mzuri, lakini kwenye unyevu wa masika hukauka haraka mno na kuacha ukungu mweupe. Paka tabaka nyembamba sana, au wakati wa mvua tumia mafuta na nta.